Simu ya shambani: nunua kwa kazi, usinunue kwa macho

Kila mwaka mahindi yakishauzwa, swali linalonijia mara nyingi halihusu mbegu wala mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, nimepata hela kidogo, ninunue simu gani?"

Jibu langu ni moja, na leo naliandika ili tulijadili. Simu ya kwanza katika nyumba ya mkulima iwe kitochi imara, ile simu ndogo ya batani. Simu ya kupangusa iwe ya pili, na inunuliwe kwa fedha taslimu. Najua jibu hili haliwapendezi wote, hasa vijana. Wengine huniambia nawarudisha nyuma. Naomba unisome hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe.

Simu ni chombo cha kazi

Zamani simu ilikuwa ya kusalimiana. Leo ni pochi, ni daftari la wateja, na ni mlango wa kupitia huduma nyingi. Malipo ya mazao yanaingia humo. Michango ya VICOBA inapita humo. Tangu ruzuku ya mbolea iliporudi mwaka 2022, namba ya simu ni sehemu ya usajili wa mkulima. Mnunuzi aliyeko Kibaigwa au Dar es Salaam hakufuati shambani kukuuliza una magunia mangapi. Anapiga. Usipopatikana, anampigia mwingine.

Hapo ndipo hasara ilipo. Siku simu yako imezima, unauza kwa yule aliyesimama mlangoni na kwa bei yake yeye, kwa sababu huna wa kumuuliza. Muuza dagaa ambaye simu yake imekufa siku ya gulio hawezi kulipwa na mteja asiye na hela mkononi. Mzazi mwenye mtoto mgonjwa usiku anahitaji simu yenye chaji saa ile ile, siyo kesho yake.

Sisi wakulima tunajua kuchagua vyombo vya kazi. Hakuna anayenunua jembe kwa sababu mpini umepakwa rangi nzuri. Tunaligonga tusikie mlio, tunaangalia unene wa chuma, tunamuuliza jirani lake limedumu misimu mingapi. Lakini kwenye simu tunaangalia ukubwa wa kioo na idadi ya kamera. Simu nayo ichaguliwe kama jembe.

Bei ya dukani ni mwanzo tu

Watu wengi hulinganisha simu kwa bei ya kununulia. Kwa asiye na umeme nyumbani, gharama kubwa huja baadaye, kwenye chaji.

Tufanye hesabu. Tuseme kibandani kwenu kuchaji ni shilingi 500. Simu ya kupangusa inayotumika sana huhitaji chaji kila siku. Kwa mwaka ni shilingi 182,500. Kitochi kinachochajiwa mara mbili kwa wiki ni shilingi 52,000. Tofauti ni shilingi 130,500. Weka bei ya kijijini kwenu badala ya hiyo 500, upige hesabu yako. Na hapo hatujagusa bando.

Wenye sola ndogo nao wana hesabu yao. Betri ya kitochi mara nyingi ni ya mAh 1,000 hivi. Ya simu ya kupangusa siku hizi ni mAh 5,000 hivi, yaani mara tano. Paneli ndogo ya wati 3 kwenye jua zuri itajaza kitochi kwa saa mbili au tatu. Ile kubwa itahitaji kutwa nzima, na bado unataka taa usiku.

Kumbuka pia kwamba simu iliyo mbali na mnara hula chaji zaidi. Mtandao ukiwa hafifu, simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta na kuushika. Ndiyo maana simu iliyokaa siku nzima na chaji mjini inaweza kufa saa tisa alasiri ikiwa bondeni. Kama shambani hakuna mtandao kabisa, izime, uiwashe ukifika kilimani.

Tahadhari na simu za mkopo

Siku hizi kuna simu za kupangusa zinazotolewa kwa mkopo. Unalipa kianzio, kisha kila siku kiasi kidogo. Ukichelewesha marejesho, simu inajifunga yenyewe.

Kwa mwenye kipato cha kila siku, kama dereva wa bodaboda wa mjini, mpango huo unaweza kumfaa. Mkulima hapati hela kila siku. Anapata akivuna. Miezi ya palizi mfukoni hamna kitu, na ndiyo miezi anayohitaji simu ili kuulizia dawa ya viwavijeshi vamizi au kuomba vibarua. Simu inafungwa wakati ule ule inapohitajika.

Kabla ya kukubali, zidisha. Tuseme kianzio ni shilingi 60,000 na malipo ni shilingi 1,500 kwa siku kwa mwaka mzima. Jumla ni shilingi 607,500. Sasa uliza dukani simu hiyo hiyo kwa taslimu ni shilingi ngapi. Ukishaiona tofauti, amua.

Mambo saba ya kukagua kabla ya kulipa

1. Betri iwe ya kutoka. Chagua simu unayoweza kuifungua kwa ukucha ukabadilisha betri. Betri ni kitu cha kwanza kuchoka. Ikiwa ya kutoka, unanunua nyingine na simu inaendelea. Unaweza pia kuwa na betri ya akiba, uichaji kwa chaja ya kobe huku simu ikiendelea na kazi. Chagua aina ya betri inayouzwa hata gulioni.

Lakini jihadhari na betri bandia, hasa za aina zinazotumika kwenye simu nyingi kama BL-5C. Hata betri halali huweza kuwa na kasoro. Mwaka 2007 Nokia yenyewe ilijitolea kubadilisha bure betri za BL-5C milioni 46 zilizotengenezwa kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, kwa kuwa baadhi yake ziliweza kupata joto kupita kiasi zikiwa kwenye chaji. Ilaze betri juu ya meza na uisukume izunguke. Ikizunguka kama pia, tumbo limevimba. Usiitumie, wala usiitoboe.

2. Batani ziwe za kipande kimoja. Tazama kama batani zote ni mpira mmoja uliofunika sehemu nzima, au kila moja imejitenga na ina mwanya pembeni. Mwanya ni njia ya vumbi, unga na jasho. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100 yenye tochi, batani zilizozibwa zisiingize vumbi, na mbavu zisizoteleza mkononi. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Haikuwa na kamera. Ilipendwa kwa sababu ilifaa kwa maisha ya watu walioinunua.

3. Ijaribu kwa laini yako. Ingiza laini, piga, pokea, tuma ujumbe. Msikilize mwenzako na umuulize kama anakusikia vizuri. Kisha piga menyu yako ya pesa, iwe *150*00#, *150*01#, *150*60# au ile ya mtandao wako, uangalie salio. Vitochi vingi hutumia 2G tu, na kwa kupiga, kutuma ujumbe na menyu za pesa, 2G inatosha. Lakini ulizia majirani wa shamba ni mtandao gani unaoshika pale. Laini mbili ni msaada mahali ambapo mtandao mmoja hukatika, ila laini mbili zikiwa hewani chaji hupungua upesi zaidi.

4. Sauti, tochi na redio. Mlio usikike ukiwa kwenye mashine ya kusaga au juu ya pikipiki. Tochi iwe na batani yake, usilazimike kupitia menyu gizani. Redio nayo ijaribu, kwani baadhi ya simu haziipati bila kuchomeka waya wa masikioni, na waya huo huwa wa kwanza kupotea.

5. Mdomo wa chaji. Chagua mdomo unaofanana na simu nyingi za kijijini kwenu, ili chaja yako ikiharibika uazime ya jirani. Chomeka chaja na uitikise kidogo. Ikikata na kurudi hapo dukani, nyumbani itakusumbua zaidi.

6. Namba ya IMEI. Bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na iliyo chini ya betri. Kwa Tanzania, itume kwa ujumbe kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani. Jibu likitaja aina nyingine na ile uliyoshika, irudishe. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilianza kuzifungia simu bandia, na walioziamini bei za bure walibaki na mabati mkononi. Walioko Kenya hutuma namba hiyo kwenda 1555.

7. Fundi na vipuri. Nenda kwa fundi simu wa gulioni kabla ya kwenda dukani. Muulize swali moja: "Simu gani unaitengeneza kwa urahisi, na vipuri vyake unavyo?" Fundi anajua zinazorudi kila wiki na zinazorudi baada ya miaka mitatu. Kisha nunua kwenye duka linalotoa risiti na garantii. Muuzaji wa kutembeza humwoni tena.

Maneno matamu ya dukani

Kuna simu za batani zinazojazwa sifa: laini nne, spika mbili, betri ya mAh 10,000, bei ndogo. Ishike mkononi. Betri ya kiasi hicho ni nzito na nene. Ikiwa simu ni nyepesi kama kiberiti, namba hiyo imeandikwa tu.

Neno jingine ni "haiingii maji". Simu iliyopimwa kweli huandikwa alama ya IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP67 maana yake vumbi haliingii, na inaweza kukaa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. IP54 huvumilia vumbi kiasi na maji ya kurukiwa, lakini haifai kuzamishwa. Kama hakuna alama yoyote, chukulia kwamba maji yanaingia. Hata hiyo yenye alama, ikishaanguka na kupata ufa, usiitegemee tena.

Na jina peke yake lisikufunge macho. Biashara ya simu za Nokia aliyoijua baba yako iliuzwa kwa Microsoft mwaka 2014, na baadaye jina hilo likachukuliwa na kampuni ya HMD ya Finland. Siyo kwamba jipya ni baya. Ninachosema ni kwamba uikague simu iliyo mbele yako, usiikague ile ya mwaka 2003.

Itunze kama unavyotunza mbegu

La kwanza ninalisema kama mtu wa ugani, na nalisisitiza kuliko yote. Usishike simu ukiwa unapulizia dawa. Mkono wenye kiuatilifu ukigusa batani, sumu inahamia kwenye simu, kutoka hapo inakwenda sikioni na mdomoni, na jioni mtoto anaichezea. Iache kwa mtu asiyepulizia, au mbali na eneo la dawa. Nawa kwa sabuni kwanza, ndipo upige.

Mbolea nayo ni adui. Vumbi la urea na CAN hufyonza unyevu na kula vyuma vya ndani. Usiweke simu kwenye mfuko wa koti ulilobebea mbolea.

Joto huua betri polepole. Usiiache juu ya bati, kwenye dashibodi, wala juu ya paneli ya sola inapochaji. Paneli ikae juani, simu ikae kivulini. Na usiichaji chini ya mto au ndani ya nguo.

Ikidumbukia majini, toa betri papo hapo, toa laini, futa, uiweke kivulini penye upepo kwa siku mbili. Usiianike motoni. Usiijaribu kwa kuiwasha kila saa, kwani umeme ukikutana na maji ndipo inapoungua. Kuifukia ndani ya mchele kunaongeza vumbi na chenga tu. Ikiwa ni maji ya chumvi au ya sabuni, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha mapema.

Laini ina thamani kuliko simu

Simu ikifa, fedha zako hazijafa. Ziko kwenye akaunti ya laini yako. Kwa hiyo hakikisha laini imesajiliwa kwa jina la anayeitumia. Mama mwenye biashara ya mboga awe na laini kwa jina lake na kitambulisho chake, siyo kwa jina la shemeji aliye mjini. Siku simu ikipotea, mwenye jina ndiye anayeweza kurudishiwa laini. Bonyeza *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma ifutwe.

Namba ya siri usiiandike ndani ya simu wala nyuma ya betri. Majina ya wateja wako yaandike pia kwenye daftari, kwa kuwa simu ikifa huondoka na majina uliyoyahifadhi ndani yake. Ukipata ujumbe wa "tuma kwenye namba hii", usitume. Usambaze ujumbe huo pamoja na namba ya aliyeutuma kwenda 15040.

Je, simu ya kupangusa haina kazi?

Ina kazi kubwa. Picha ya jani lenye ugonjwa ikinifikia kwa WhatsApp, naweza kumshauri mkulima siku hiyo hiyo bila kusubiri nifike kwake. Makundi ya wafanyabiashara hupeana bei za masoko humo. Vijana wanauza asali na mboga kwa kuziweka mtandaoni. Sitaki mtu aseme bwana shamba anapinga maendeleo.

Hoja yangu ni mpangilio. Kazi ya kupatikana na kulipwa iwe kwenye simu isiyokata tamaa: inayokaa na chaji siku tatu, inayoanguka ikaokotwa, inayotengenezwa gulioni. Laini yenye pesa ikae humo. Kazi ya picha na makundi iwe kwenye simu ya pili. Kwa nyumba isiyo na uwezo wa simu mbili, simu ya kupangusa moja kwa kikundi cha wakulima kumi, inayotunzwa na katibu, inatosha kupiga picha za wadudu na kuulizia bei. Nao kumi hao kila mmoja abaki na kitochi chake.

Kuna anayesema kitochi ni aibu, watu watamwona hajafanikiwa. Ndugu yangu, mnunuzi hajali unapokelea simu gani. Anajali kama umepokea. Fedha iliyobaki kwenye ile tofauti ya shilingi laki moja na ushee nunulia mifuko ya kuhifadhia mahindi yasibunguliwe. Utayauza bei ikiwa imepanda, na msimu huo ukitaka simu kubwa utainunua bila mkopo.

Wanaokwenda gulioni wiki hii waandike yale mambo saba kwenye karatasi na kwenda nayo dukani. Muuzaji mkweli hatachukia ukikagua. Akikuharakisha, rudisha hela yako mfukoni, uende duka la pili. Kazi njema.